Chuma cha Kupimia Mchanga

Maji yetu yalikaa ndani ya mchanga. Mgeni akipita pale mtoni angedhani ni barabara pana iliyosahaulika, na kweli punda walipita katikati yake kama barabarani. Mto ulijaa siku chache tu kwa mwaka, mvua ikinyesha huko juu, kisha ukakauka. Lakini ukichimba kwa mikono, halafu kwa kopo, unafika mahali mchanga unageuka mweusi, halafu unalowa, halafu maji yanaanza kujikusanya chini ya shimo polepole kama jasho. Kopo la kwanza ni chafu, hilo unawamwagia mbuzi. La pili pia. La tatu ndilo unaweka kwenye mtungi. Mama alinifundisha kungoja la tatu.

Baba alikuwa akipakia mchanga huohuo kwenye malori.

Nyumbani hakuna aliyeona kwamba mambo hayo mawili yanagombana. Asubuhi mama na mimi tulitoka na mitungi, baba akatoka na beleshi lake, na sote tukashika njia moja. Tulikuwa tumetoka Ukambani nikiwa mdogo, baba aliposikia kwamba Kitengela kunajengwa na kazi iko. Tukapanga chumba cha mabati kando ya barabara ya Namanga, kati ya Kitengela na Kajiado, karibu na mto. Baada ya ile mvua ya El Nino mto ulileta mchanga mwingi hata watu wazima wakaenda kuutazama. Malori yakaanza kuja, yakiingia matupu kwa kelele na kutoka kimya, yameinama nyuma. Baba alipenda kusema nyumba za Kitengela zimesimama juu ya mgongo wake.

Nilikuwa darasa la sita. Sikuwa mtu wa kusema. Mwalimu akinitaja nilisimama, nikabaki nimesimama mpaka aniambie keti. Kuandika pia nilikuwa polepole. Wenzangu wakirudisha madaftari, mimi niko mstari wa tatu. Lakini herufi zangu zilikuwa nyoofu. Baba alisoma miaka miwili tu, kwa hiyo barua za kwenda kwa mama yake ziliandikwa na mimi. Aliketi juu ya mtungi akasema maneno, nami nikaandika. Nikimaliza alichukua karatasi akaitazama kwa mbali, kisha kwa karibu, kama mtu anayenunua kitambaa. "Hata kama hasomi," alisema, "ataona ni barua ya heshima."

Muhula wa pili alikuja mwalimu wa mazoezi kutoka chuo. Alikuwa kijana mwembamba, viatu vyake vimewekwa soli ya tairi. Siku ya kwanza aliandika ubaoni: Vitu vya dunia ni vya nani? Tukashika kalamu tukangoja jibu ili tunakili. Yeye akaketi.

"Mwalimu, jibu ni gani?" akauliza rafiki yangu. Tulikaa dawati moja. Wazazi wake walikuwa wenye duka la pale barabarani, watu waliotoka kaskazini mashariki, naye alivaa kitambaa cheupe kichwani na kusema kwa niaba yetu wawili.

"Sina," mwalimu akasema.

"Sasa sisi tumekuja shule kufanya nini?"

Darasa likacheka. Naye akacheka. "Kunisaidia kutafuta."

Alileta kopo la mafuta ya kupikia, akalikata tundu juu. Kila mtu aandike swali kuhusu kitu ambacho watu wa hapa wanatumia pamoja, swali ambalo jibu lake haliko kwenye kitabu. Akaongeza sheria moja: tusimwulize mtu mkubwa jibu. "Mtu mkubwa akikupa jibu, umebeba lake. Enda uangalie kwa macho yako." Katika shule yetu neno la mwalimu lilikuwa amri. Sheria hiyo niliishika kuliko alivyotaka mwenyewe.

Maswali yakatolewa moja moja. Kwa nini nyasi za ndani ya waya ni ndefu na za nje ni fupi? Pundamilia siku hizi wanakunywa wapi? Mchoma makaa aliambiwa na nani akate miti? La kwangu lilisema: Mchanga ukiisha, maji yatakaa wapi?

Mwalimu alilisoma mara mbili. "Nani ameandika hili?"

"Ni huyu," rafiki yangu akasema. "Lakini hasemangi, mwalimu. Mimi ndio redio yake."

Swali langu likapewa sisi wawili. Mwalimu hakutuambia la kufanya. Alituuliza tu: mtajuaje kwamba unaisha? Siku mbili nilifikiri kuhusu hilo nikichota maji. Jioni ya tatu nikamwomba baba kipande cha chuma. Sikumwuliza jibu, nilimwomba chuma tu, kwa hiyo niliona sijavunja sheria.

"Cha nini?"

"Cha kupima mchanga. Ni ya shule."

"Shule siku hizi inapima mchanga?" Akacheka. Lakini Jumamosi alirudi na chuma cha ujenzi kilichobaki mahali fulani, kirefu kumpita kichwa, amekinoa ncha kwenye jiwe. Akaketi nacho mlangoni na kipande cha msumeno, akapima kwa shubiri ya mkono wake, kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho, na kila shubiri akakata alama. Kazi hiyo ilimchukua jioni yote. "Hii ni shubiri yangu," akaniambia. "Usichanganye na ya mtu mwingine, hesabu itaharibika."

Njia ya kupima ilikuwa rahisi. Unakisimamisha chuma, unakisukuma mpaka kigonge mwamba, unakivuta, unahesabu alama zilizoingia ndani. Mwalimu alisema tuchague mahali patano kuanzia juu mpaka chini, na kila Alhamisi mchana turudi palepale.

Kule juu mto ulipita katika shamba la mwenyekiti wa kamati ya shule. Kulikuwa na waya pande zote mbili na geti lenye mnyororo, na mtu mwenye rungu ameketi kwenye debe. Malori yaliingia na kutoka. Kupita pale ilikuwa lazima usimame, upige hodi, useme wewe ni nani na unataka nini.

Nikachagua mahali patano pa chini, pote walipokuwa wakipakia akina baba. Nilijiambia hapo ndipo mchanga unapotolewa, kwa hiyo ndipo pa kupimwa. Ukweli ni kwamba hapo sikuhitaji kujieleza kwa mtu. Wapakiaji, maloda kama walivyoitwa, walinijua. Wakituona tu, walianza.

"Daktari amefika. Leo mto unadungwa wapi?"

"Adunge huyu kwanza. Ako na malaria ya kazi."

"Huyu dawa yake ni chapati."

"Wacheni mtoto," baba aliwaambia. "Ako na kazi ya serikali."

Mchanga ukiwa mgumu baba aliweka beleshi chini, akaja kukiegemea chuma kwa uzito wake mpaka tukasikia kimegonga. Mimi nilihesabu, nikaandika. Wengine walisimama kungoja niandike, hata lori likiwa linangoja, na hakuna aliyenihimiza. Sidhani kuna mahali pengine duniani ambapo wanaume kumi wamewahi kuningoja nimalize mstari.

Wiki za kwanza chuma kiliingia shubiri tisa, mahali pengine nane. Muhula wa tatu ulipoanza kilikuwa kinaingia tano, halafu nne. Mashimo ya maji yalikuwa yanajaa polepole zaidi. Kopo la tatu lilikuwa bado chafu. Mama alianza kungoja la nne.

Alikuwako bibi mmoja wa Kimaasai aliyenywesha kondoo zake chini yetu kidogo. Tulikuwa tukimwinamia kichwa, naye anatugusa utosini na kusema, "Takwenya," nasi tunajibu, "Iko." Siku moja alitutazama mpaka tukamaliza.

"Na hiyo chuma mnatafuta nini?"

Rafiki yangu akamweleza yote, na mikono yake ikieleza pia.

"Mnapima tumbo tu," bibi akasema. "Na shingo? Kule juu ndio lori inaingia mingi. Mto ikikatwa shingo, hii tumbo itajaa na nini?"

Rafiki yangu akanigeukia. "Twende huko basi."

"Kesho," nikasema.

Nilisema kesho majuma manne. Mara moja tulifika. Mtu wa geti alikuwa anakula githeri kwenye sufuria, akainua macho akauliza, "Nyinyi watoto, mnataka?" Rafiki yangu akanyamaza. Baadaye aliniambia alinyamaza makusudi, kwa sababu swali lilikuwa langu, na alitaka angalau siku hiyo moja nijisemee. Nilisimama na chuma mkononi. Mtu yule akarudi kwenye chakula chake, nasi tukarudi tulikotoka.

Tulichora matokeo kwenye karatasi kubwa, nguzo moja moja, tukazipaka rangi kwa vumbi la matofali. Nguzo zilishuka kama ngazi. Mwalimu alifurahi, akatembea darasani akiwa ameishika.

"Mmepima mto wote?"

Rafiki yangu alinitazama. Mimi niliitazama karatasi. Mwalimu alikuwa amezoea kimya changu, akakichukua kuwa kile cha siku zote. Akaniambia niandike kichwa juu kwa sababu ya mwandiko wangu: Mchanga wa Mto Wetu Unaisha. Na chini niandike mahali tulipopimia. Ningeweza kuandika kwamba ni sehemu ya chini, kwa wapakiaji wa beleshi, na kwamba kule juu, ndani ya geti, hatukufika. Nafasi ilikuwepo. Niliandika: Mtoni.

Karatasi ikapelekwa Kajiado, kwenye maonyesho ya shule. Tulisafirishwa na lori la mchanga la mwenyekiti, alilolitoa bure kwa ajili ya watoto, na tukaliimbia njia nzima tukiwa tumesimama juu ya punje za mchanga. Karatasi yetu ilitundikwa kwenye kamba. Mtu wa ofisi ya wilaya mwenye tai alisimama mbele yake muda mrefu. Rafiki yangu alimweleza, naye akaandika katika kitabu kidogo. Tulipewa cheti na boksi la chaki. Wiki hiyohiyo mazoezi ya mwalimu yakaisha. Alinipa mkono mbele ya darasa, jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kulifanya, akasema, "Usiwache kuuliza." Kisha akapanda basi.

Baraza liliitwa kabla ya shule kufungwa. Lilifanyika kwenye uwanja wetu, wanaume kwenye madawati, wanawake wameketi chini nyuma. Ubao ulitolewa nje na karatasi yetu ikabandikwa juu yake. Sisi wasichana wa darasa la sita tulikuwa tunawapa wageni maji ya kunawa. Rafiki yangu hakuwepo, alikuwa ameachiwa duka.

Mtu wa ofisi alisema mchanga lazima utunzwe, maana ni wa wote. Akaketi. Mwenyekiti akasimama, akachukua fimbo ya kuonyeshea, akazieleza nguzo zetu vizuri kuliko tulivyozieleza sisi.

"Hii si maneno yangu," akasema. "Ni watoto wenu wamepima, kila wiki, na chuma. Angalieni vile imeshuka. Na nani anaumaliza? Ni hawa watu wa beleshi wamekuja kutoka mbali, hawana hata shamba hapa, wanatubebea mto. Kwangu mimi kuna kitu imeonekana?"

"Na kwako kulipimwa?" akauliza mzee mmoja wa mbele.

Mwenyekiti akatugeukia. "Watoto. Mlipima mto wote ama hamkupima?"

Hakuuliza kwa ukali. Alingoja kidogo pia, hilo siwezi kumnyima. Nilikuwa nimeshika birika, hatua chache kutoka kwake, na katika uwanja ule wote hakuna aliyelijua jibu kuliko mimi. Huko nyuma bibi wa kondoo alisema kitu kirefu kwa Kimaasai. Hakuna aliyetafsiri.

"Imeandikwa hapa," mwenyekiti akasema, akagonga karatasi kwa fimbo. "Mtoni. Sasa mnataka iandikwe aje?"

Ikakubaliwa kwamba mtu asiye na shamba pale asiguse mchanga tena. Sehemu ya juu ingeangaliwa na kamati ya mwenyekiti. Watu wakapiga makofi, na wengine walipiga kwa nia njema kabisa, maana walikuwa wanataka maji yao.

Baba alikuwa amesimama pembeni na wenzake, kofia mkononi. Hakumtazama mwenyekiti. Aliitazama karatasi, na hakuzitazama nguzo. Alizitazama herufi zangu. Akasogea hatua mbili, akarudi nyuma, kama alivyofanya na barua.

Nyumbani aliketi juu ya mtungi. Mama alikuwa anapuliza moto. Nilingoja.

"Umeandika vizuri," akasema.

"Si ni shule imemtuma," mama akasema haraka.

"Najua. Nimesema tu ameandika vizuri."

Juma lililofuata akaenda Kitengela kutafuta kibarua cha mjengo. Mwanzoni alirudi kila mwisho wa mwezi, halafu kwa nafasi. Barua za nyanya zilianza kuandikwa na mtu mwingine huko. Hilo sikuambiwa na baba. Nyanya alituma salamu na mtu, akiuliza kama nilikuwa mgonjwa, kwa sababu mwandiko umebadilika.

Mtihani wa darasa la nane nilifaulu. Shule moja ya wasichana huko Kajiado iliniita. Barua yake ilikuwa na orodha: sanduku, blanketi, shuka mbili, ndoo yenye kifuniko. Mama na mimi tuliisoma mpaka chini, hata sahihi ya mwalimu mkuu tuliisoma, kisha mama akaiweka ndani ya Biblia. Iko humo mpaka leo. Mimi nikaenda Kitengela kuosha vyombo hotelini, nyuma ya ukuta ambao labda ni mchanga wetu.

Kwa miaka nilimkasirikia mwalimu wa mazoezi kuliko nilivyomkasirikia mwenyekiti. Alitufundisha kuuliza, akapanda basi kabla jibu halijafika. Sasa najua hakudanganya mtu. Aliuliza kama tumepima mto wote, akaamini aliyekuwa mbele yake. Hasira ikiondoka kwake haiendi mbali. Inarudi kwangu, kwa mtoto aliyeshika birika.

Malori hayakuacha kuingia getini. Mvua zilikuja, lakini mchanga wa kuteremka kwetu haukuwepo, na mto ukaanza kuonyesha mawe. Siku hizi mama hununua maji kwa mkokoteni. Akina mama waliopiga makofi siku ile hununua pia.

Mwaka jana nilipewa siku tatu za mapumziko nikaenda nyumbani. Baba alikuwa amerudi moja kwa moja, mgongo umekataa kazi. Chuma kilikuwa bado nyuma ya nyumba, mama anakitumia kuegemezea mlango wa choo. Nikakichukua nikapanda mto. Geti lilikuwa wazi, mnyororo haupo, debe la mlinzi limetoboka. Hakukuwa na mtu wa kupigia hodi. Niliingia mpaka katikati ya mto nikakisukuma chuma. Kiligonga hata kabla ya alama ya kwanza kuingia. Nikajaribu mahali patano, kama tulivyoambiwa.

Niliporudi baba alikuwa mlangoni, kwenye mtungi.

"Nimetoka kule juu," nikamwambia. "Na chuma."

"Ukapata nini?"

"Mwamba."

Alitikisa kichwa taratibu. Ilikuwa mara ya kwanza tunazungumza habari hiyo tangu baraza. "Wakati ule mbona hukupima huko?"

"Niliogopa yule mtu wa geti."

Alicheka, pumzi tu. "Yule? Huyo alikuwa rafiki yangu. Jumamosi si nilikuwa napakia huko juu. Hata hiyo chuma nilitoa huko. Ungeniambia tu, ningekushika mkono tuingie."

"Mwalimu alisema tusiulize mtu mkubwa."

"Mimi sikuwa mtu mkubwa, mama," baba akasema. "Mimi nilikuwa loda."

Akanyoosha mkono, akataka daftari la vipimo. Nilikuwa nimeenda nalo mtoni, lile la darasa la sita, kurasa za nyuma bado nyeupe. Alilitazama kwa mbali, kisha kwa karibu, akanirudishia.

"Andika ya juu."

"Nani atasoma?"

"Andika. Iwe kamili."

Nikaandika, mahali kwa mahali, na safari hii nikaeleza ni wapi. Ilinichukua muda mrefu. Baba aliketi pale akaningoja.